Usukani Uliolegea Haufunikwi

(Maneno haya yalisemwa na mafundi wa karakana katika siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia vyenye magari. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kitu kimoja tu katika gari, nacho ni usukani. Wengine watauliza, kwa nini usukani na si injini? Jibu ni rahisi. Injini ikikataa, gari linalala nyumbani na hakuna anayeumia. Breki zikichakaa, mara nyingi hulia, na hata abiria husikia. Lakini usukani hulegea pole pole, kidogo leo, kidogo mwezi ujao, na dereva anazoea. Anajifunza kuzungusha zaidi kabla ya kona. Anajifunza kurudisha mapema. Ukimwuliza atakuambia, "Hili gari nalijua." Kweli analijua. Lakini siku atakapougua na mwingine ashike usukani, huyo mwingine halijui.

Vikundi vingi hapa vina gari moja tu, na gari lenyewe ni la zamani. Linabeba mitungi ya maziwa, mbegu, mabati ya shule na mapipa ya maji. Usiku mama akishikwa na uchungu, ni gari hilo hilo linalobishiwa hodi. Kwa hivyo tukisema juu ya usukani, tunasema juu ya watu walioketi nyuma.

GARI TUNALOLIZUNGUMZIA

Tutachukua Land Rover za zamani kama mfano, kwa sababu ndizo tunazoziona sana kwenye karakana. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Series II ilianza mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III ikatengenezwa tangu 1971 mpaka 1985. Kwa hivyo hata lile changa kabisa kati ya hayo ni mzee. Huko ng'ambo watu huyaweka magari haya kwa maonyesho na kuyaendesha Jumapili. Kwetu sisi bado yanapanda mlima na mzigo.

Uzuri wake ni kwamba yaliundwa ili yafunguliwe kwa spana na kufungwa tena. Karibu kila kipande cha usukani kinaweza kutolewa, kupimwa na kubadilishwa. Hakuna kompyuta. Fundi mwenye subira na kijana wa kumshikia taa wanaweza kuifanya kazi hiyo yote chini ya mwembe, mradi wawe na kitabu cha gari na wasiwe na haraka.

USUKANI UNAFANYA KAZI NAMNA GANI

Tufuate njia pamoja. Dereva anazungusha usukani. Usukani umefungwa juu ya chuma kirefu kinachopita ndani ya bomba. Chuma hicho ndicho mhimili wa usukani. Mwisho wake wa chini una meno yaliyozunguka kama ya parafujo, na meno hayo yamo ndani ya boksi la usukani. Juu ya meno kuna nati kubwa, na katikati ya nati na meno kuna gololi za chuma zinazobingirika. Mhimili ukizunguka, nati hupanda au kushuka, na hiyo nati inasukuma shafti fupi inayotoka ubavuni mwa boksi.

Kwenye shafti hiyo kuna mkono. Mkono unasukuma fimbo ndefu inayokwenda mbele, mpaka kwenye kifaa ambacho mafundi hukiita relei, kilichopachikwa ndani ya chuma cha mbele cha chesisi. Kutoka kwa relei kuna fimbo ya pili inayokwenda kwenye gurudumu. Halafu kuna fimbo ya tatu, yaani tairodi, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili yageuke pamoja.

Hesabuni basi. Fimbo 3, na kila fimbo ina kichwa kila upande. Hivyo ni vichwa 6. Ongeza boksi, ongeza relei, ongeza beringi za magurudumu na pini zinazoshika magurudumu yakigeuka. Kila mahali hapo panaweza kulegea kidogo. Ulegevu wote huo hujumlishwa, na jumla yake ndiyo dereva anaihisi mikononi. Mikono yake haiwezi kumwambia ulegevu uko wapi. Inamwambia tu kwamba upo.

ANZA CHINI, MALIZIA JUU

Hapa ndipo pesa nyingi za vikundi hupotelea. Ubavuni mwa boksi kuna skrubu ya kurekebishia, pamoja na nati yake ya kufungia. Fundi mwenye haraka akisikia usukani umelegea, anakimbilia skrubu hiyo. Anaikaza, dereva anajaribu, anafurahi, pesa zinalipwa. Baada ya wiki chache ulegevu umerudi.

Wacha tuwape mfano. Kikundi kimoja cha akina mama kilituletea Series III. Walikuwa wamelipia kukazwa kwa skrubu mara tatu. Tulipoangalia tulikuta vichwa viwili vya fimbo vimekwisha kabisa, na chuma kinachoshikilia boksi kimepasuka, hivyo boksi zima lilikuwa linatikisika kila usukani unapozungushwa. Ugonjwa ulikuwa huko. Na kule kukaza kulikuwa kumeleta ugonjwa mwingine. Tulipofungua boksi, meno ya mhimili yalikuwa na vishimo pale katikati, mahali gari linapokwenda moja kwa moja, kwa sababu gololi zilikuwa zimebanwa zikaviringika kwa nguvu zisizostahili. Meno na mhimili ni chuma kimoja katika gari hili. Meno yakiharibika, unanunua mhimili mzima wa ndani. Kitu ambacho kingemalizwa na vichwa viwili na kazi ya kurudisha kishikio kikawa kazi kubwa.

Kamati yao ilikaa kikao. Wengine walisema gari liendelee mpaka mavuno yaishe. Mama mmoja akauliza, "Ni nani kati yetu atamweka mtoto wake nyuma?" Hakuna aliyeinua mkono. Gari lilisimama, na kwa majuma kadhaa maziwa yalibebwa na punda. Ilikuwa ghali na iliwachosha, lakini walifanya uamuzi huo wakiwa na macho wazi.

Kwa hivyo utaratibu ni huu:

1. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yakiwa chini. Mtu mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia. Mwingine aangalie, na aweke mkono juu ya kila kichwa cha fimbo, kimoja baada ya kingine. Kilichokwisha utakihisi kinagonga kabla fimbo haijasogea.

2. Aangalie boksi lenyewe likitikisika mahali lilipofungwa. Chuma kikiwa kimeliwa na kutu au kimepasuka, boksi jipya halitasaidia kitu.

3. Inua mbele kwa jeki na uweke vigogo imara au stendi chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, angalia beringi na pini kwanza.

4. Zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia. Ukiwa mzito mahali pamoja tu, au unakwaruza kama mchanga, basi sasa ndiyo, kuna kazi ndani ya boksi.

KUFUNGUA MHIMILI NA BOKSI

Ikiwa imeonekana kwamba boksi lazima lifunguliwe, kwanza toa waya za betri, kwa sababu waya wa honi na wa swichi ziko hapo juu. Safisha matope yote kwa brashi na mafuta ya taa. Uchafu ukiingia ndani ya boksi utasaga vipya kama ulivyosaga vya zamani.

Kabla ya kutoa usukani, weka magurudumu yatazame mbele, halafu tia alama kwa patasi ndogo au rangi: usukani na mhimili, mkono na shafti. Alama hizi ni za bure, na bila hizo utarudisha usukani ukiwa umepinda. Mkono wa boksi hukazwa sana kwenye meno yake. Unatolewa kwa kifaa cha kuvutia. Asiupige mtu kwa nyundo kwa kuelekea shafti, maana kipigo hicho kinakwenda moja kwa moja kwenye gololi na njia zake.

Vichwa vya fimbo pia vina ubishi. Fungua nati, lakini usiitoe kabisa. Kisha shika nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, upige upande wa pili kwa nyundo nyingine. Jicho hutikisika na kichwa huachia. Ukipiga parafujo yenyewe umeiharibu.

Fungulia boksi juu ya karai safi au gunia jeupe. Gololi hazikufungwa na kitu, zitamwagika. Zihesabu, ziweke kwenye mkebe kila kundi peke yake, kwa sababu zile za ndani ya nati na zile za beringi za mhimili si za ukubwa mmoja. Linganisha hesabu yako na kitabu, kwani fundi aliyetangulia huenda alipoteza moja akanyamaza.

Sasa osha, kausha, na uangalie kwa mwanga wa jua. Pitisha ukucha juu ya meno ya mhimili na juu ya njia za gololi. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, kipande hicho kimekwisha. Mhimili uuviringishe juu ya kioo au bati lililonyooka uone kama umepinda. Angalia bushi ya shafti, na sili inayozuia oili. Sili ni kitu kidogo, lakini ikivuja, boksi hukauka, na boksi likikauka meno yanakula meno. Ibadilishe kila unapofungua, hata kama inaonekana nzuri.

Wakati wa kurudisha, grisi kidogo itashika gololi mahali pake mpaka ufunge. Beringi za mhimili hurekebishwa kwa vibati vyembamba chini ya kifuniko. Toa au ongeza kibati kimoja kimoja, mpaka mhimili uzunguke kwa wepesi bila kusogea juu na chini. Halafu tia oili ya gia ya namba 90, ile ya EP. Wengine hujaza grisi nzito kwa sababu sili inavuja. Hiyo ni kuficha. Grisi nzito husukumwa pembeni na haitirudi kwenye gololi kama oili.

Ni baada ya haya yote ndipo skrubu ya ubavuni irekebishwe, magurudumu yakitazama mbele. Kaza mpaka ulegevu uishe, funga nati yake, kisha zungusha usukani pande zote mbili. Ukibana popote, rudisha nyuma kidogo.

RELEI: HAPA PANA HATARI

Tafadhali vijana, hapa msikilize vizuri. Ndani ya relei kuna springi yenye nguvu nyingi, imebanwa kati ya bushi mbili zilizopasuliwa. Kazi yake ni kuufanya usukani uwe na uzito kidogo ili magurudumu yasitetemeke gari likienda mbio. Mtu akiitoa shafti bila kujua, springi hiyo inaruka kama risasi. Inaweza kumtoa mtu jicho au kumvunja taya. Ifunguliwe na aliyewahi kuona ikifunguliwa, ikiwa imefungwa ndani ya gunia nene au bomba, na uso wa mtu usiwe mbele yake.

Mara nyingi relei haihitaji kufunguliwa. Inahitaji oili tu, na imesahauliwa kwa miaka. Juu yake kuna bolti. Toa mbili: moja ya kujazia, nyingine ya kutoa hewa. Jaza pole pole mpaka oili itokee. Mfuniko wa chini ukiwa unavuja, tengeneza hilo kwanza.

MAMBO MATATU TUNAYOYAKATAA

Kwanza, hatuchomelei kitu cha usukani. Si mhimili, si mkono, si fimbo, si kichwa. Chuma hicho kilipewa ugumu wake kiwandani, na moto wa welding huubadilisha. Kinaonekana kizima, kisha kinakatika ghafla. Kile kishikio cha boksi kwenye chesisi ni jambo jingine, kinaweza kurudishwa na mtu anayejua kuchomelea vizuri. Tusichanganye hayo mawili.

Pili, haturudishi kota pini ya zamani wala msumari uliokunjwa badala yake. Kota pini ni ya bei ndogo. Ndiyo inayozuia nati ya kichwa isifunguke njiani.

Tatu, hatupashi moto fimbo iliyopinda ili tuinyoshe. Ikipinda, inatupwa.

Na neno moja juu ya mhimili wenyewe. Magari ya zamani yana mhimili ulio chuma kizima, kutoka boksi mpaka kifua cha dereva. Ni kuanzia mwaka 1967 ndipo kampuni ya General Motors ya Marekani ilipoanza kuweka mihimili inayojikunja gari likigonga, na sheria ya huko ikailazimisha kwa magari madogo tangu Januari 1968. Gari letu la zamani halina huruma hiyo. Kwa hivyo dereva afunge mkanda, na kama hakuna mkanda, kikundi kiuweke kabla ya kununua redio.

KAZI YA KAMATI

Mweka hazina anaweza kusema, "Mimi sijui mambo ya spana." Hahitaji kujua. Kamati inaweza kufanya mambo haya bila kushika spana:

- Kumwambia fundi kwamba kila kipande cha zamani kirudishwe ndani ya karai, kionekane na wanachama kabla ya kulipa. Fundi mwaminifu hatakasirika.

- Kununua vichwa vya fimbo kwa kuangalia meno yake. Kwenye fimbo moja, kichwa kimoja hukaza kwa kulia na cha pili kwa kushoto. Wengi wamepanda matatu mpaka mjini wakarudi na viwili vya upande mmoja.

- Kuwa na daftari la gari. Tarehe, kilichofanywa, kilichobadilishwa, nani alifanya, nani alijaribu. Gari lina kumbukumbu kwenye daftari, si kwenye kichwa cha dereva.

- Kuweka akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya spea, tofauti na pesa za mafuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa usukani ni ghali.

- Kuandika kwenye katiba ya kikundi kwamba dereva akisema usukani si mzuri, gari linasimama, na hafokewi wala kunyimwa mshahara wake. Dereva anayeogopa kamati atanyamaza.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pia haimruhusu mtu kuendesha gari bovu linalohatarisha wengine barabarani. Lakini tusingoje polisi ndio watukumbushe.

KABLA YA GARI KURUDI KAZINI

Pima magurudumu ya mbele. Kwa Land Rover hizi, upande wa mbele wa magurudumu huwa mwembamba kuliko wa nyuma kwa milimita 1.2 mpaka 2.4. Pima kwenye rimu, katika urefu wa katikati ya gurudumu, mbele na nyuma. Rekebisha kwa kuzungusha tairodi, kisha kaza vibano vyake. Wengi husahau vibano.

Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote, uangalie matairi yasikwaruze na mipira ya breki isivutike. Jaribu gari likiwa tupu, barabara ikiwa haina watu, mwendo wa pole. Baada ya kona, usukani unatakiwa kurudi katikati kwa urahisi. Kisha rudi, ingia chini, angalia kila nati na kila kota pini. Baada ya wiki moja ya kazi, angalia tena.

Tukimaliza, tunawaomba mkirudi nyumbani msianze kwa kununua kitu. Anzeni kwa watu wawili na dakika 15: mmoja ashike usukani, mwingine aangalie vichwa 6. Mkikuta kimoja kinagonga, simamisheni gari na mwite kikao. 

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nani katika kikundi chetu ana uwezo wa kusema "gari lisimame", nasi tukamsikiliza?

2. Mara ya mwisho vichwa vya fimbo kuangaliwa ilikuwa lini? Imeandikwa wapi?

3. Gari likisimama majuma matatu, maziwa, maji na wagonjwa watabebwa namna gani? Tupange sasa kabla halijasimama.

4. Tunaweza kuweka kando kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya spea tu?